Nani Anachezea Vipimo?

Kila asubuhi Mama Sare alikuwa wa kwanza kufika karakana. Alifagia vipande vya nyuzi, akawasha kompyuta yake, akafungua jedwali la vipimo vya wanafunzi. Hakulifunga tena mpaka jioni. Alisema anayeacha mali yake wazi asilie ikiibwa, na kwake kulinda jedwali ni kulikodolea macho.

Karakana ilishona sare za shule. Mwanawe alikata vitambaa chumba cha nyuma. Mke wa mwanawe alikwenda shuleni kupima watoto, kisha akarudi kuandika vipimo kwenye kompyuta yake ndogo. Jedwali lilikaa kwenye diski ya pamoja, na kompyuta zote ziliifikia kwa waya. Mkataji alisoma vipimo humo, akakata.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka shule moja iliporudisha furushi zima. Suruali ya mvulana wa darasa la saba ingemtosha mdogo wake. Sketi nyingine hazikufika hata magotini.

"Nimekata kama ilivyoandikwa," mwana alisema.

"Na mimi niliandika kama nilivyopima," mkewe alijibu.

Mama Sare aliwatazama wote wawili, halafu akabaki kumtazama mkwe peke yake. Kumshuku mwanawe hakumwingia akilini. Mama ni mama.

Furushi la pili liliporudi, mwalimu mkuu alipiga simu. Kosa moja zaidi, alisema, kazi itapewa fundi mwingine. Hapo Mama Sare akamvuta mwanawe kando, ingawa sauti yake haikujua kando ni wapi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mkeo anaharibu vipimo makusudi. Anataka nife njaa, afungue karakana yake."

"Mama, jamani!"

"Jamani nini? Kompyuta yangu na yako zinafanana. Yake ina sura nyingine kabisa. Nikiuliza, ananiambia eti ni Linux, kaipata bure. Nani siku hizi anatoa kitu bure? Wiki ijayo sitaki kumwona hapa."

Mkwe alisikia kila neno. Akaiweka mezani tepu ya kupimia. Kufukuzwa kazi kulimuuma, lakini kuitwa mharibifu mbele ya mumewe kulimuuma zaidi.

"Nitaondoka, mama," alisema. "Lakini kwanza aitwe mtu atazame hizi kompyuta. Akinikuta na hatia, hata kwaheri sitangoja."

Wakamwita jirani yao, mwanamke fundi aliyefunga mitandao ya kompyuta katika maduka na zahanati. Mama Sare alimpokea mlangoni kwa jicho la pembeni.

"Nakuambia mapema, sinunui kitu."

"Shikamoo, mama. Hata sijafungua mkoba!"

"Marahaba. Usiufungue haraka."

Fundi alicheka, akaketi. Mama akamtupia swali lake hapohapo. "Niambie ukweli. Windows na Linux, ipi ya wezi?"

"Hakuna ya wezi, mama. Zote mbili ni mifumo endeshi. Mfumo endeshi ni programu kuu. Ndio unaoiamsha kompyuta na kuzipangia programu nyingine kazi. Kompyuta yako na ya mwanao zina Windows. Ya mkweo ina Linux."

"Basi ipi bora?"

"Nami nikuulize. Cherehani na overloki, ipi bora?"

"Swali gani hilo? Cherehani inaunga, overloki inafunga pindo. Kila moja na kazi yake."

"Umeshanijibu. Ile mashine yenu ya kutarizi nembo za shule inaendeshwa na programu gani?"

"Inakubali Windows tu," mwana alidakia.

"Basi Windows hamuitupi. Programu nyingi za biashara zimetengenezewa hiyo, na watu wengi wameizoea. Ila lazima ulipie leseni. Linux nyingi hazina ada ya leseni. Zinafanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta kuukuu, na zinapendwa sana kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Lakini zipo programu zisizokubali kufanya kazi humo. Tena zinahitaji mtu anayezielewa."

"Cha bure hicho, mwishowe ghali," Mama Sare alinung'unika.

"Leseni ni bure, mama. Fundi si bure. Mimi mtanilipa."

Hata mkwe akatabasamu kidogo. Mama hakutabasamu. "Na virusi?"

"Hakuna mfumo wenye kinga kamili. Wowote mtakaotumia, sasisheni mara kwa mara. Sasa fanyeni kazi yenu kama kila siku, nione."

Mama akafungua jedwali, kama kila asubuhi. Mkwe akalifungua kwenye kompyuta yake. Akaandika mtoto wa kubuni na urefu wa suruali yake, akahifadhi. Chumba cha nyuma, mwana akafungua jedwali, akaita, "Yupo! Namwona."

"Haya, mama," fundi alisema. "Jioni huwa unafanyaje?"

"Nahifadhi, nafunga. Ili wasichezee usiku."

"Fanya hivyo."

Mama akabonyeza. Ujumbe ukatokea. Akaubonyezea "ndiyo" bila hata kuusoma.

"Ulikuuliza nini, mama?"

"Sijui. Huuliza kila jioni. Mashine ina maneno mengi, ukiisikiliza hufiki nyumbani."

"Ilikuambia kuwa mtu mwingine amebadilisha jedwali. Ikauliza kama unataka kufuta la kwake na kuweka lako."

Chumba cha nyuma, mwana akalifungua jedwali upya, akaita, "Yule mtoto hayupo tena!"

Fundi akaeleza taratibu. Programu ya mama na ya mkwe zilikuwa tofauti, na kwa jinsi zilivyounganishwa, moja haikuweza kuizuia nyingine. Mama alikaa na jedwali la asubuhi siku nzima. Kila jioni alilirudisha juu ya kazi ya mkwe. Vipimo vipya vilifutika, vya mwaka jana vikabaki.

Mama Sare aliona aibu. Kwa siku zote hizo alikuwa akimvizia mwizi asiyekuwepo, na mharibifu ni yeye.

"Mwanangu," alimwambia mkwe. "Nimekuonea. Nisamehe."

Mkwe alilia kwanza, ndipo akajibu, "Nimekusamehe, mama."

Fundi aliweka Linux kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imeachwa kabatini, ikawa seva. Akaiwekea programu moja ya vipimo ambayo kompyuta zote ziliifungua, iwe ya Windows au ya Linux. Wawili wakitaka kubadilisha vipimo vya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, programu ilimzuia wa pili. Kila mtu akapata jina lake na nywila yake. Nakala ya akiba ikawa inawekwa kila siku kwenye diski nyingine, na diski hiyo ikahifadhiwa nyumbani.

"Sasa, nani atakuwa msimamizi?" fundi aliuliza. "Yeye ndiye atakayetoa ruhusa kwa wengine."

Mwana alimtazama mama yake. Mkwe akatazama chini.

"Awe mkwe wangu," Mama Sare alisema. "Mimi nipeni ruhusa ya kusoma tu."

Shule zilipofunguliwa, hakuna furushi lililorudi, na mwalimu mkuu akaongeza kazi ya sweta. Alikuja mzazi mmoja tu, amemshika binti yake mkono, amefura.

"Sketi hii ndefu! Mkweo huyo hajui kupima. Au ana lake jambo."

Zamani Mama Sare angeipokea hiyo stori kwa mikono miwili. Sasa alichukua tepu mezani, akapiga goti mbele ya mtoto.

"Mkwe wangu mwache," alisema. "Kwanza tumpime mtoto."