Mkono wa Buluu wa Sovanny

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Sovanny hukutanisha viganja kifuani, huinamisha kichwa na kuniaga. Kiganja kimoja ni chake. Cha pili ni cha plastiki ya buluu, maana vidole vya mkono ule vilisagwa na mtambo wa kukamua miwa, hapa hapa kwenye soko la mji wetu wa Battambang. Akikunja kifundo cha mkono, nyuzi huvuta vidole vya plastiki navyo hufumba.

Wiki moja hakutulia. Asubuhi moja uji aliuacha nusu, akakaa, akasimama, akaficha mkono nyuma.

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Tega, bibi."

"Ninao watano, hawali wala hawanywi, lakini wananitafuna."

Hakucheka, ingawa alijua nasema vidole vyake vya plastiki. "Nachelewa shule," akasema, akatoka mbio.

Vuthy, fundi aliyemtengenezea mkono ule bure, alikuwa anakuja shuleni siku hiyo. Nami nikaenda. Nilimkuta Sovanny akifurukuta kwenye benchi.

"We, umekalia siafu?" rafiki yake Chenda alimtania. Chenda alizaliwa bila vidole vya mkono wa kushoto, naye alikuwa akingoja mkono wake.

"Mkono unakubana popote, mdogo wangu?" Vuthy akamuuliza Sovanny.

"Hapana, kaka. Mzuri sana. Asante."

"Safi! Basi ya Chenda na watoto wengine wanaongoja naitengeneza hivi hivi. Mashine inayochapa mikono ya plastiki kwa mchoro wangu naiwasha leo."

Chenda akaruka kwa furaha. Sovanny akamtazama. Mara akaanza kufungua mikanda ya mkono wa plastiki.

"Kaka, subiri! Usiwashe!"

Kifundo cha mkono kilikuwa kimechubuka, chekundu, kinatoa maji.

"Masikini! Mbona hukusema?" Vuthy akauliza.

"Umenipa bure, kaka. Niliona haya kulalamika. Tena niliogopa utauchukua."

Vuthy akachuchumaa. "Ukingo huu nimeuchora vibaya mimi. Ungenyamaza, ningewachubua wote."

Akaulainisha ukingo kwa maji ya moto, akaupanua, akabandika sponji ndani. Kidonda tukakiosha, na Sovanny hakuuvaa mpaka kilipopona.

Siku alipouvaa tena, nilimwambia mbele ya Vuthy, "Mjukuu wangu, kumheshimu aliyekupa si kumficha maumivu. Mwambie kweli, kwa adabu, ili kazi yake ikufae wewe na wengine."

"Sawa, bibi." Akashika kikombe cha maji kwa mkono wa buluu, akanywa bila kumwaga hata tone. Kisha akamgeukia Vuthy. "Na rangi hii, kaka, mbaya."

Vuthy akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, niambie unataka ipi."

Chenda, aliyekaa karibu, akadakia, "Na mimi nyekundu!"