Mabawa Meupe Yaliyobanduka

Mshale ulitoka kwenye upinde vizuri tu, ukafika nusu ya uwanja, kisha ukakata kona na kumchoma mwamuzi paja. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi.

Koplo alipofika kutoka kituo cha polisi cha jirani, mwamuzi alikwishapelekwa hospitali na klabu ilikwishampata mkosaji. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, mikono imetulia mapajani. Kazi yake ilikuwa kubandika mabawa, vile vipande vitatu vya plastiki vinavyokaa nyuma ya mshale ili uende sawa. Walimwita Mama Gundi.

"Funguo za karakana nimeshamnyang'anya," alisema mwenyekiti wa klabu. "Mzembe! Nimesema mbele ya watu wote na narudia."

"Ukimaliza kuhukumu, mwenyekiti, nibakishie nami kidogo nipeleleze," Koplo akamjibu.

Alitembea nyasini taratibu, macho chini, mpaka akaliokota bawa jeupe. Gundi yote ilikuwa imebaki kwenye bawa. Mrija mweusi wa kaboni, mwili wenyewe wa mshale uliochomolewa pajani, ulikuwa mtupu, unang'aa kama kioo.

"Mama, hebu nieleze," alisema, akakaa naye benchini. "Kwenye mishale yenu, mabawa yaliyobanduka ni meupe tu. Ya njano yameshika. Kwa nini?"

"Ya njano nilibandika jana asubuhi, yakaniishia. Mchana nikaanza meupe. Afande, gundi ni chupa ileile. Kwanza napangusa mrija kwa spiriti, nauacha ukauke, siugusi tena hata kwa kidole. Kaboni ikipata mafuta, gundi inajishika yenyewe, haishiki mrija."

"Na hukuyajaribu?"

"Ya asubuhi niliyavuta yote. Ya mchana mwenyekiti alinisimamia mlangoni, haraka, haraka."

Mwenyekiti akakohoa, akaangalia pembeni.

"Baada ya kupangusa mirija ya mchana ulikwenda wapi?"

"Nililetewa chakula na mume wangu, pamoja na chupa ya maji. Tulikula barazani. Ndani siingizi chakula, mafuta yake ni adui yangu."

Koplo alitoa kioo cha kukuzia, akalitazama bawa upya. Ndani ya gundi kulikuwa na uzi, mwembamba kuliko unywele, rangi ya damu ya mzee.

Uwanjani aliyevaa rangi hiyo alikuwa mmoja, mpiga upinde wa timu pinzani waliyemwita Twiga kwa urefu wake. Watu wakaanza kumnyooshea vidole.

"Haya, nifungeni," Twiga alisema, mikono kiunoni. "Na pazia za ofisini mzifunge, nazo ni rangi hii hii!"

"Punguza moto, mwanangu. Nipe hilo pindo." Koplo alisugua pindo la fulana kwa kucha, akalivuta, akalisugua tena. Kitambaa kile kilivutika kama soksi. Hakikutoa hata uzi mmoja. "Nenda kanywe maji. Huu wetu umechomoka kwenye kitambaa kilichokatwa kwa mkasi, hakijashonwa pindo."

Mama Gundi aliinua uso. Koplo aliona mikono yake imeondoka mapajani.

"Mumeo anafanya kazi gani, mama?"

"Fundi cherehani."

Walikwenda dukani kwake wote watatu, mwenyekiti nyuma. Fundi alikuwa anashona sketi za damu ya mzee, futi ya kupimia shingoni. Pembeni ya cherehani palikuwa na kikopo cha mafuta, juu yake kipande cha kitambaa kilekile, kimelowa.

"Afande, kila fundi ana tambara," alisema kabla hajaulizwa.

"Kweli kabisa. Jana uliingia karakana ya mkeo?"

"Niliingia mara moja tu. Kuchukua kikombe cha maji."

"Maji tulikunywa kwenye chupa uliyoleta wewe," mkewe akasema polepole. "Uliniambia unakwenda kunawa."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mirija niliipitishia tambara hili, ila sikutaka mtu aumie," alisema. "Wallahi, nilidhani yatabanduka palepale mezani, waseme hajui kazi, arudi nyumbani. Wateja wananicheka, afande. 'Fundi, mwenye nyumba katoka saa ngapi leo?' Kila siku! Nimekuwa mume wa Mama Gundi, mpeleka chakula."

"Nami chakula hicho nilikuwa nakisifu," mkewe akasema, "kwa wenzangu wote."

Fundi alimgeukia. "Mama watoto, niombee kwa afande."

"Kwa Mungu nitakuombea, leo na kesho. Kwa afande jisemee mwenyewe."

Koplo alilikunja lile tambara ndani ya karatasi, akamwambia fundi afunge duka. Mwenyekiti akatoa funguo mfukoni, akazinyoosha.

Mama Gundi hakuzipokea.

"Ulinitukana mbele ya watu, mwenyekiti. Turudi uwanjani, uniombe radhi palepale, ndipo unipe. Ila kwanza niambieni mwamuzi amelazwa wadi gani. Aliyemwumiza ni wa nyumbani kwangu."