Brashi za Mota ya Wendell

Jioni ile ya Mei, Thurlow Beekman alichukua bisibisi na tochi, akamwambia mkewe anakwenda bandani kubadilisha brashi za mota ya trekta, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme.

"Zimeisha?" Rosalind aliuliza, mikono ikiwa kwenye sinki.

"Jana lilikuwa linatoa cheche."

"Wendell alikuwa anazisafisha kwa kifutio cha penseli. Taratibu."

Wendell. Mume wake wa kwanza. Miaka sita kaburini, na bado hakupiti mlo bila jina lake. Thurlow alitoka.

Trekta lile dogo la bustani, la umeme, lilikuwa la Wendell, la tangu mwaka sabini na tatu. Nyumba ya Wendell, banda la Wendell. Thurlow alichomoa nyaya za betri, akafungua kifuniko cha mota, akamulika.

Akaganda.

Brashi zilikuwa mpya. Vipande viwili vya kaboni, havijalika hata kidogo. Shaba inayoguswa navyo iling'aa kama pete. Grisi mbichi. Na harufu… tumbaku ya kiko.

Thurlow hakuvuta kiko.

Wivu ulimpanda kabla ya hofu. Alirudi jikoni moja kwa moja.

"Nani anaingia bandani kwangu?"

"Hakuna mtu."

"Rosalind, mimi si mtoto. Nani?"

Rosalind alishusha sauti. "Hapendi likiharibika, basi."

"Nani hapendi?"

Rosalind aliinua uso kutoka sinkini. Ndipo Thurlow alipoona amepaka rangi ya mdomo. Anaosha vyombo, na amepaka rangi ya mdomo.

Alirudi bandani, akazing'oa brashi zote mbili, akazitia mfukoni. Bila hizo, mota ni chuma tu. Akafunga kufuli.

"Haya, tuone sasa," alinong'ona.

Kesho yake alirejea kutoka mjini jua likizama. Jikoni hakuna mtu. Supu inachemka peke yake.

Kisha akasikia.

Mmmmm…

Mota.

Alikimbilia nyuma ya nyumba. Kufuli la banda bado lilikuwa limefungwa. Lakini trekta lilikuwa nje, linakwenda polepole kando ya matuta ya nyanya, linakata majani. Kitini hakuna mtu. Ila springi za kiti zilikuwa zimebonyea hadi chini.

Rosalind alitembea kando yake, akinong'ona.

Thurlow alipapasa mfukoni. Brashi zilikuwamo. Akazishika, akaziachia haraka.

Zilikuwa za moto.

"Rosalind," alinong'ona. "Toka hapo."

Mkewe aligeuka, uso wake mtulivu kabisa.

"Sogea, Thurlow. Hajakuzoea."

Trekta likasimama. Springi zikapanda, moja baada ya nyingine, kama zinavyopanda mtu anaposhuka. Majani mabichi yakalala chini, hatua kwa hatua, yakimjia…

Thurlow alisogea pembeni.

Mchungaji alikuja, akaomba, akala pai, akaondoka. Thurlow alikata nyaya zote za trekta kwa koleo. Asubuhi alizikuta zimeunganishwa vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza. Kuhama hakuhama. Angemwachia nani mke?

Siku hizi jua likizama hula peke yake jikoni. Kutoka bandani husikia bisibisi ikizunguka, na ile harufu ya kiko huingia kwa chini ya mlango. Halafu Rosalind huanza kucheka, kicheko cha msichana, cha kukosa pumzi.

Thurlow huacha kijiko, akasikiliza hadi kiishe. Miaka miwili ya ndoa, hajawahi kumchekesha hivyo.