Ndagala wa Taa ya Fanny

Kila asubuhi Sumaya humsaidia mama yake, Saumu, kuanika ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ufukweni Lweba. Siku moja mchanga ulijaa samaki tele. Tangu vita vifunge barabara ya Uvira, mafuta ya taa yameadimika, na karabai ambazo wavuvi wengi huvutia nazo samaki usiku zimelala. Mtumbwi wa Yunusu, baba yake, ndio pekee uliorudi umejaa.

"Pelekea mama Florentine sahani moja," baba aliagiza, akijichekea. Ndiyo desturi ya wenye mitumbwi: samaki wakijaa, jirani maskini hasahauliki.

Florentine, mama wa jamii ya Batwa anayefinyanga vyungu, alipokea kwa mikono miwili. "Mungu abariki baba yako! Ule muntu iko na roho nzuri."

Binti yake Fanny alikuwa mlangoni akijifuta macho, mekundu kwa moshi. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umekaribia, naye husoma usiku kwa moto wa kuni.

"Kwani ile taa ya sola mliyopewa na Serikali iko wapi?" Sumaya aliuliza.

"Si iko kwenu? Baba yako alisema anatufichia, basoda na bunduki zao wasiipore. Sisi tulipigwa nayo picha tu siku ya kuipokea."

Sumaya alirudi ufukweni mbio, akachungulia mtumbwini. Lo! Betri chini ya turubai, taa kwenye nguzo ya mtumbwi, na paneli imelazwa juani. Yaani mtu anachukua mwanga wa maskini, kisha anampelekea samaki na kuombewa baraka? Uchafu gani huu!

Mchana baba alimsogezea bakuli. "Kula, mutoto."

"Sili. Naona kinyaa."

"Kinyaa cha nini?"

"Ndagala hawa wamevuliwa kwa taa ya Fanny."

"Nyamaza! Bila mimi, hiyo sola ingeshaporwa."

"Kwani haikuporwa, baba?"

Saumu alimtazama mumewe, akanawa mikono kabla hajaonja. "Hata mimi nimeshiba," alisema. Nzi wakaanza kulizunguka bakuli.

Alasiri Yunusu alipanda mwenyewe juu ya paa la Florentine, akafunga paneli huku majirani wakitazama.

"Aksanti kwa kututunzia, baba," Florentine alisema.

Yunusu aliinamisha kichwa. "Usinishukuru, mama. Sikuitunza. Niliiba."

Njiani wakirudi nyumbani, Saumu alimshika binti yake mkono. "Sikia, mwanangu. Ukichukua haki ya mtu, usimpe sadaka. Mrudishie haki yake."

Jioni walikula bugali na sombe la majani ya muhogo, bila samaki. Sumaya aliomba aongezewe.