Kiti Kwenye Negativu

Haya yalimpata rafiki yangu mpiga picha. Dada yake alimletea negativu ya filamu yenye binti yake marehemu akiwa amekaa kitini, picha pekee iliyobaki. Rafiki yangu akafunga mapazia, akasawazisha rangi za skrini gizani, kisha akalaza negativu kwenye kioo cha skana na kuiwasha. Ikanguruma taratibu. Kwenye skrini kikatokea kiti kitupu.

“Kaka, unanitania hata kwa hili? Mwanangu yuko wapi?”

“Tulia, dada. Sijazima kifuta vumbi, ile programu ya kuondoa madoa kwenye picha; mashine imemdhania uchafu.”

Akakizima, akarudia. Kiti kitupu. Akainua negativu kwenye mwanga. Hata humo mtoto hakuwemo tena. Dada akalia bila sauti. Skana ilikuwa imeshazimwa, lakini chini ya kioo chake, kwa ndani, ukungu wa pumzi ulitanda, ukafifia, ukatanda tena.