Kengele ya Bibi Wema

Kila Jumatano masomo yakiisha, Dalila alibaki na Mwalimu Révérien katika chumba cha kompyuta mpaka mafuta ya jenereta yaishe, au nguvu za Dalila, chochote kitakachotangulia. Wiki hii kazi ilikuwa nzito: kengele ya mafuriko kwa ajili ya nyumba mpya ya bibi yake.

Kengele ilitakiwa kulia pale tu nyaya mbili za ukutani zinapolowa pamoja. Ukilowa mmoja, huenda ni mbuzi wa jirani amekojoa. Kwa hiyo lilihitajika lango la "na", ambalo hufunguka waya huu ukisema ndiyo na ule nao ukisema ndiyo. Lakini programu ya shule ya kuchorea na kujaribia saketi ilijua volti zinazopanda na kushuka tu. Ndiyo na hapana haikuzijua. Lango lilipaswa kujengwa ndani yake kwa transista mbili, vile viswichi vidogo vya umeme.

Dalila alilijenga mara nne. Mara zote nne mstari wa kengele kwenye kioo ulilala kama kisamaki cha ndagala kilichoanikwa. Akachoka. Akaweka kwenye mchoro betri iliyopangwa kuwaka sekunde ya tano, sekunde ileile ambayo nyaya zingelowa, akaifunika kwa kisanduku na kuandika: LANGO. Mstari ukainuka vizuri.

"Haya, fundi," akasema Mwalimu Révérien. "Jumamosi tunaifunga kwa bibi."

Nyumbani, Bibi Wema alikuwa akichagua mchele. Aliposikia habari hiyo aliweka ungo chini.

"Nyumba yetu ya zamani, unaikumbuka?"

Dalila aliikumbuka kidogo: baraza ambako marehemu babu Amisi alitengeneza redio, harufu ya risasi ya kulehemu, redio tatu zikisema kwa pamoja na babu akizijibu zote. Siku hizi ziwa limeimeza, na samaki huingia baraza ile bila kupiga hodi.

"Maji ilikuja tuko tunakula," bibi akasema. "Hakuna muntu alituambia. Nilibeba redio moja tu ya babu yako. Sasa miye nitalala vizuri. Mujukuu wangu iko ananilinda."

Siku hiyo chakula kilimshinda Dalila.

Kesho yake asubuhi alimsubiri mwalimu mlangoni pa chumba cha kompyuta. "Mwalimu, lile lango si lango. Ni betri."

Mwalimu alifungua mchoro, akaziondolea nyaya zote mbili maji, akabonyeza. Sekunde ya tano mstari ukainuka vilevile.

"Ziwa likihamia ng'ambo Kigoma, weye bado unatuita tukimbie," akasema. "Na siku litakapokuja kweli?"

Dalila alikifuta kile kisanduku. Wakakaa, wakaanza upya. Kumbe mara zote nne alikuwa ameiweka transista ya pili kichwa chini.

Jumamosi walifunga kengele ukutani kwa bibi, wakaleta beseni la maji. Waya mmoja ndani: kimya. Wa pili peke yake: kimya. Zote mbili, kengele ikalia hata mbuzi wa jirani akakata kamba.

"Kushindwa mara nne si aibu," Mwalimu Révérien akamwambia. "Aibu ilikuwa kile kisanduku."

Bibi Wema alitoa redio ya babu, akaiweka chini ya kengele. "Amisi alikuwa anasema, redio mbovu ikinyamaza, utajua ni mbovu na utaitengeneza. Ile yenye kukudanganya ndiyo inakuponza. Muntu ni vilevile, Dalila."

Kisha akainamisha kichwa. "Lowesha tena," akasema, akaisikiliza kengele kama alivyosikiliza redio za Amisi barazani zamani.