Unamvalia Nani Ua Hilo

Vitambaa vilikuwa vimelowa tena. Mjane alivibonyeza kwa kiganja, akatazama dari. Palikuwa pakavu, na mvua ilikuwa imegoma mwezi mzima. Vilikuwa vitambaa vyekundu vya kushonea maua madogo, yale ambayo watu wangeyabandika kifuani siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani.

Karakana aliyoshonea ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Shemeji alivaa ua lake mwaka mzima, hata akienda kunyolewa.

Mumewe alikufa vitani na maiti haikurudi. Zilirudi salamu za rambirambi na mkanda wa suruali. Lakini palikuwa na jambo ambalo ukoo mzima ulilimeza. Amri ilipotoka kwamba kila nyumba itoe mwanamume mmoja, aliyetakiwa kwenda ni kaka mtu. Asubuhi ya kuondoka mgongo ukamuuma ghafla, akalala anaguna, mdogo wake akapanda lori badala yake. Lori lilipokata kona, mgongo ukapona. Mjane alilijua hilo, lakini shemeji ndiye aliyemlisha, akafyata ulimi.

Siku ile mchana ikaja harufu ya udongo mbichi, na nyuma yake baruti. Washonaji wakaziba pua, wakasingizia mtaro. Kisha cherehani ya pembeni, ambayo haikuwa na mtu wala uzi, ikaanza kwenda yenyewe, kanyagio likipanda na kushuka kama lina mguu juu yake, sindano ikitoboa ua baada ya ua, hadi wanawake wakakimbilia nje bila viatu, na mjane aliyebaki akaanguka chali, akasema kwa sauti ya kiume kwamba anaona baridi.

Shemeji alimwita mganga, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alifukiza ubani, akamuuliza aliyempanda mjane yeye ni nani na anataka nini.

"Mwulizeni kaka," ilisema ile sauti, chini kwa chini. "Aseme nani alitakiwa kupanda lile lori."

Shemeji alitokwa jasho. Alinong'ona kwamba hilo ni jini tu, tena jini mwongo, na kwamba yeye humkumbuka ndugu yake kila siku ya Mungu. Kwani ua hawalioni?

"Baba, nimetoa majini ya kila namna," mganga alisema. "Huyu haombi damu wala manukato. Anaomba neno moja. Mpe, ataondoka kwa heri."

Shemeji akakataa. Akaamuru atolewe kwa nguvu, kazi ya watu inasubiri. Mganga akaongeza moshi, akasoma, na baada ya muda mjane akajinyoosha na kufumbua macho. Hakulia. Hasira aliyoitafuna miaka yote sasa aliitema.

"Nilimsikia," alimwambia shemeji. "Kama huwezi kusema alikufia nini, unamvalia nani ua hilo? Unalivaa watu wasikuulize."

Shemeji akamwambia akanawe uso, arudi kwenye cherehani, maua yanatakiwa kesho.

Mganga alikusanya chetezo chake taratibu. Mlangoni akamwinamia mjane sikioni. "Kwako ametoka, mwanangu. Lakini sijamwona akipita hapa mlangoni."

Kesho yake uwanja ulifurika watu, kila kifua na ua lake. Shemeji akaitwa kusema kwa niaba ya wafiwa. Alipokishika kipaza sauti, harufu ya udongo mbichi ikashuka juu ya viti vya mbele, akasita, akalishika ua lake kulibandua, nalo likavutana na ngozi kama limeota mizizi ndani, na alipofungua kinywa kuanza hotuba yake ya kila mwaka juu ya ndugu yake shujaa, ikatoka sauti nyingine, ya kijana, yenye kithembe kidogo, sauti ambayo mjane aliwahi kuisikia gizani ikimwita mke wangu, ikaanza kusimulia asubuhi ya lori, na mgongo, na baridi ya handaki, huku shemeji akijiziba mdomo kwa mikono miwili na maneno yakizidi kupenya katikati ya vidole vyake, na macho yake yakimtafuta mjane, yakimsihi.

Wanaume wawili wakainuka kumsaidia. Mjane akawashika mikono.

"Mwacheni," alisema. "Hajamaliza."